Kisigino cha Laroussi

Mume wangu Laroussi hapendi kukaa chini. Simaanishi kwamba ni mtu wa fujo. Namaanisha kwamba ardhini si mahali pake. Hapa kwetu Degache, kusini mwa Tunisia, wanaume wengi hukwea mitende, lakini wengi hupanda kwa sababu ni kazi. Laroussi hupanda kwa sababu huko juu ndiko kwao. Mimi Mbarka ni wa pili baada ya mitende, na nimelizoea hilo kwa miaka thelathini na moja.

Bustani yetu ina mitende arobaini na mitatu, na nyumba yetu iko pembeni mwake. Laroussi hupanda bila viatu. Hukanyaga vigutu, yale mabaki ya makuti yaliyokatwa ambayo hubaki kwenye shina kama ngazi. Hupanda kigutu baada ya kigutu, mundu ukiwa kiunoni, mpaka anapotea kwenye makuti. Akishafika, anaanza kelele.

Kwanza humwita Tijani, binamu yake. Bustani ya Tijani imepakana na yetu, na yeye pia saa hizo huwa juu ya mtende wake. Hutaniana hapo asubuhi nzima. Kwetu kuna desturi: sauti itokayo juu ya mtende hujibiwa kutoka juu ya mtende. Mwanamume anayejibu akiwa chini huchekwa wiki nzima.

Pili, hunipasha habari mimi. Kutoka kileleni anaiona nyumba yetu yote, ua, jiko na kibanda cha mbuzi.

"Mbarka, mbuzi wako yumo kwenye majani ya watu."

"Mbarka, chungu chako kinatoa moshi mweusi."

"Basi shuka ukakiepue," nilikuwa namjibu. Nilikuwa nakereka. Sikujua kwamba ningekuja kuzililia kelele zile.

Kisigino cha kulia kilianza kumuuma wakati wa joto. Asubuhi alikuwa anatembea kwa kuchechemea, kisha mguu ukipata moto maumivu yanapungua. Nikimuuliza, anasema ni viatu. Mtu ambaye nusu ya siku hana viatu, anasingizia viatu.

Ukafika mwezi wa kumi, mavuno. Siku ya mavuno wanaume hujipanga kwenye shina la mtende kutoka juu mpaka chini, wakipokezana makole, yaani vishada vya tende, kwa mikono ili tende zisidondoke. Laroussi ndiye huwa wa juu kabisa. Siku hiyo, kwenye mtende wa tano, alinyamaza ghafla. Alishuka kwa mikono na mguu mmoja. Wanaume wawili walimleta nyumbani wamembeba mabegani, na uso wake ulikuwa umepauka.

Tulimwita mzee anayeunga mifupa. Ni mtu mwema, na mifupa anaijua kweli. Alipaka kisigino ute wa yai na unga, akakifunga kwa kitambaa, akaweka gango la vijiti vya makuti. Akasema, "Lala. Mguu huu usikanyage mpaka maumivu yaishe yote."

Mimi nikawa askari wa amri hiyo. Chakula nilimpelekea kitandani. Maji ya kutawadha nilimpelekea kitandani. Akigusisha unyayo sakafuni, nilimfokea. Mundu wake niliuficha ndani ya pipa la unga. Nilifanya yote hayo kwa mapenzi, na leo nikikumbuka naona haya.

Alilala wiki sita. Ili asipate wazimu, alisuka kamba kwa nyuzi za mtende, na zilijaa pembeni kote. Kila asubuhi sauti ya Tijani ilipita juu ya ukuta.

"Laroussi, vipi, umeolewa? Mbona hutoki ndani kama bibi harusi?"

Laroussi aligeukia ukutani. Hakujibu, kwa kuwa alikuwa chini. Sijapata kumwona mtu akitamani kitu kama alivyotamani mume wangu kujibu utani ule. Na mimi, niliyekuwa nakerwa na kelele zake, nilijikuta nasimama uani na kuangalia vilele vitupu vya mitende yetu.

Wiki ya sita maumivu yaliisha. Tulifungua gango. Laroussi hakusubiri hata kunywa chai. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtende ulio karibu na jiko, akapanda. Alipofika kigutu cha sita, kisigino kikamshika upya, vibaya kuliko mwanzo.

Nilipomkanda jioni hiyo ndipo nilipouona mguu. Kigimbi cha kulia kilikuwa kimenywea. Ngozi ilining'inia. Ulikuwa mguu wa mzee wa miaka themanini uliobandikwa kwa mtu wa hamsini na sita.

Siku ya pili mwanetu Chedly alipiga simu kutoka mjini Sfax. "Baba, inatosha sasa. Njooni mkae na sisi. Nyumba ina nafasi, na kuna lifti."

Laroussi aliutazama mguu wake. Halafu akasema, "Nipe mpaka maua ya mitende yafunguke, mwezi wa tatu. Kama siwezi kupanda kuyachavusha, bustani atachukua Tijani, na sisi tutakuja."

Alikata simu. Mimi nilikwenda jikoni nikalia, na sikuwa hata na kitunguu cha kusingizia.

Jirani yetu wa ukuta wa pili ana binti anayeitwa Wided. Ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Kazi yake ni kuwafundisha wagonjwa mazoezi yanayotibu, pale zahanati. Nimempakata tangu ana siku tatu. Sijui kwa nini sikumfikiria mapema. Labda ni kwa sababu mtoto uliyemfuta makamasi, huwezi kuamini kwamba anajua kitu. Nilimfuata siku hiyo hiyo, naye akaja na mkoba wake.

"Ami Laroussi, lala kifudifudi, miguu itokeze nje ya kitanda," alisema.

Alikiminya kigimbi cha kulia kwa mkono. Unyayo ukacheza. Akaminya cha kushoto, nao ukacheza vilevile.

"Siku ile ya mavuno ulisikia kitu kikilia *paa* nyuma ya kisigino, kama umepigwa jiwe?"

"Hapana. Kiliuma tu, kikakaza."

"Vizuri. Hii hapa nyuma inaitwa kano. Ndiyo inayounga kigimbi na kisigino. Haijakatika. Ingekatika, unyayo usingecheza nikiminya, na ningekupeleka hospitali leo leo. Kano yako imechoka na kuharibika kidogo, basi. Inapona."

"Tumeilaza wiki sita nzima ipone," nilisema.

"Ndiyo shida yenyewe, shangazi."

Nilihisi damu inapanda. "Shida ni kumlaza mgonjwa? We mtoto, ulipovunjika mkono ukiwa na miaka saba, nani alikushikilia usiuchezeshe?"

"Ulinishikilia wewe, na ulifanya sawa. Mfupa uliovunjika hufungwa kwanza uungane. Hata kano ikiumia, siku chache za mwanzo unaipunguzia kazi, na si bure. Lakini wiki sita ni nyingi." Aliokota kamba moja iliyokuwa kitandani. "Ami, hii umesuka mwenyewe?"

"Mimi. Zote hizo."

"Ukisuka, ncha moja unaifunga wapi?"

"Kwenye kidole gumba cha mguu. Mguu mzima, si huu."

"Kwa nini uifunge? Si usuke tu ikiwa inaning'inia?"

Laroussi alicheka, mara ya kwanza tangu mavuno. "Haisukiki hivyo. Nyuzi zisipovutwa zinalala ovyo, huku na kule. Kamba inatoka laini, imejaa manyoya. Mbuzi mmoja tu anaikata."

"Sasa sikiliza. Kano nayo ni nyuzi nyingi, zimelala pamoja upande mmoja. Ndani yake mna seli, vitu vidogo vyenye uhai, huwezi kuviona kwa macho. Hivyo ndivyo wasukaji. Ukiivuta kano kwa kipimo, wasukaji wanahisi mvuto. Wanatengeneza nyuzi mpya, wanazipanga kufuata ule mvuto. Usipoivuta, wanalegea. Nyuzi zinakaa ovyo, kano inadhoofika, na kigimbi kinanywea. Mifupa na misuli pia iko hivyo, inataka kazi ili iwe na nguvu."

"Lakini maumivu yalikuwa yameisha," Laroussi alisema.

"Maumivu yalilala, na nguvu ikalala nayo. Halafu ukaipa kano yenye usingizi mtende mzima kwa siku moja."

Nilimwangalia mume wangu. Alikuwa anaizungusha ile kamba vidoleni, na nilijua ameelewa kabla yangu. Mimi bado nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu mwenyewe.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemnyong'onyeza," nilisema.

"Wewe ndiye uliyemlisha wiki sita, shangazi. Sasa tunakubadilishia kazi. Badala ya kumzuia asisimame, utamhesabia."

Tulianza siku hiyo. Wided alimsimamisha Laroussi mbele ya ukuta, ameshika kwa viganja. Alimwambia ainue visigino vyote viwili pamoja, asimame kwa vidole huku akihesabu mpaka tatu, kisha ashuke polepole, akihesabu tena mpaka tatu. Mara kumi na tano. Apumzike dakika mbili. Arudie mpaka ziwe duru tatu. Siku moja afanye, siku moja apumzike, kwa kuwa nyuzi husukwa pia wakati wa mapumziko.

"Itauma?" aliuliza.

"Kidogo, na isikutishe. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Hakimu wako ni asubuhi ya siku inayofuata. Ukiamka na kisigino kiko kama jana, kipimo kilikuwa sawa, endelea. Ukiamka kinauma zaidi au kimevimba, ulizidisha, punguza. Usiache, punguza."

Nilichukua uzi mwekundu wa sufu kutoka kwenye kitanda changu cha kufumia. Niliuzungusha kwenye kigimbi cha kushoto, nikafunga fundo pale ulipokutana. Niliuzungusha kwenye cha kulia, nikafunga fundo la pili. Kati ya mafundo hayo mawili palikuwa na nafasi ya vidole viwili. Uzi niliutundika kwenye msumari jikoni.

Wiki tatu zilikwenda vizuri. Wided alimhamishia kwenye mtende wa jikoni, kwenye kigutu cha kwanza, hapo chini kabisa. Laroussi alisimama kwa vidole vya miguu juu ya kigutu, ameshika shina, kisigino kinaning'inia. Akakishusha polepole, akakiinua polepole. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikichambua dengu na kuhesabu.

"Kumi na moja. Mbona unaharakisha? Moja, mbili, tatu, ndipo ushuke."

"Umekuwa mwalimu wa jeshi wewe."

"Kumi na mbili. Nyamaza, utapoteza pumzi."

Aliinua macho kuangalia juu ya ule mtende. Aliangalia kila alipomaliza duru. Kutoka kigutu cha kwanza mpaka kileleni kuna vigutu zaidi ya mia, na yeye alivijua vyote kwa unyayo.

Ulipoingia mwezi wa kwanza wa mwaka mpya, akaharibu. Wided alikuwa amemruhusu abebe kikapu cha mchanga mgongoni, kilo tano, ili kano ipate uzito zaidi. Mimi nilikuwa nimekwenda msibani. Laroussi alijisikia mzima. Akajaza kikapu kwa tende, kilo ishirini, akafanya duru sita badala ya tatu. Alipoamka kesho yake alishindwa kufika mlangoni bila kushika ukuta.

Wided aliponikuta, nilikuwa nimeshapiga yai na nimeshika kitambaa.

"Shangazi, weka chini hicho kitambaa."

"Amevimba."

"Amevimba kwa sababu ya ubishi, na yai halitibu ubishi. Weka chini." Alimgeukia Laroussi. "Ami, kesho upumzike. Kesho kutwa unarudi kwenye ukuta, visigino viwili, bila kikapu. Wiki ijayo unarudi kwenye kigutu. Hatuanzi upya. Tunarudi hatua moja."

"Maua hayanisubiri mimi," Laroussi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na kano haikimbizwi na maua. Inachukua wiki kumi na mbili, wakati mwingine zaidi. Ukiipa haki yake, utafika."

Nilimwaga lile yai kwenye kikaango, nikaweka nyanya na pilipili, tukala watatu. Afadhali lilivyopata kazi.

Mwezi wa pili ulikuwa na baridi na upepo. Laroussi alifanya mazoezi bila kuruka hata zamu moja. Sasa alisimama kwa mguu mmoja, ule wa kulia, juu ya kigutu. Kikapu cha mchanga kikawa kilo tano, kisha nane, kisha kumi na mbili. Kila Ijumaa nilipima kwa uzi. Fundo jipya lilisogea kuelekea fundo la mguu wa kushoto, taratibu mno, lakini lilisogea.

Kisha likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Tijani aliacha kuita.

Siku ya kwanza tulidhani ni upepo. Siku ya tatu tulijua. Tulimsikia akikata makuti juu ya mtende wake, tuliusikia mundu, lakini sauti yake haikuja. Laroussi alikuwa kwenye kigutu, kikapu mgongoni. Alisimama bila kushuka, anasikiliza.

"Amechoka kuniita," alisema.

"Ana mafua," nilisema.

"Miezi minne mtu anaita hajibiwi. Hata mimi ningechoka."

Aliendelea na zoezi. Nilihesabu mpaka kumi na tano, lakini nadhani niliruka tisa. Nilikuwa nataka sana mume wangu arudishiwe maisha yake. Nilitaka nifokewe tena kutoka angani kuhusu chungu changu.

Mwanzoni mwa mwezi wa tatu Wided alimwambia apande vigutu vitatu na kushuka. Kisha vitano, kisha kumi. "Polepole kushuka," alimsisitiza. "Kushuka ndiko kunakoivuta kano zaidi." Baada ya hapo alimfundisha kuruka hapo hapo kwa vidole, miguu miwili, kisha mmoja. Mzee mzima anaruka uani kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto, na mimi nimeshika mbavu kwa kicheko. Asubuhi zake zilikuwa nzuri. Kisigino hakikulalamika.

Ijumaa ya pili ya mwezi huo nilizungusha uzi kwenye kigimbi cha kulia. Mafundo yalikaribia kukutana, yamepishana kwa upana wa punje ya ngano. Nilikwenda kwenye pipa la unga, nikautoa mundu, nikaufuta, nikamwekea karibu na kikombe cha chai.

Aliuangalia. "Muda wote huu ulikuwa kwenye unga?"

"Mkate wako ulikuwa na ladha ya chuma, hukugundua."

Jumatatu maua yalianza kufunguka. Wided alipita kabla ya kwenda kazini. Alimwambia Laroussi apande mtende mmoja tu siku hiyo na miwili siku ya tatu, na asiache mazoezi hata msimu ukianza, walau mara mbili kwa wiki. Laroussi alikubali yote, kama mtoto anayeogopa kubadilishiwa ruhusa.

Tulikwenda bustanini. Nilimfungia vishada vya maua dume, nikavitia kwenye mfuko wa mgongoni. Alivua viatu. Aliweka mguu wa kulia kwenye kigutu cha kwanza. Akaondoka.

Nilihesabu, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kwenye kigutu cha sita nilizuia pumzi. Alipita. Kwenye cha arobaini shingo iliniuma kwa kutazama juu. Alipita. Kisha makuti yakamfunika, nikawa nasikia tu mundu ukisafisha miiba.

Alikawia huko juu. Nilimwachia. Najua alikuwa anafanya nini huko, na si la kumwambia mtu.

Kisha sauti yake ikaja kutoka juu, nzito, imekwaruza kidogo.

"Mbarka. Mbuzi wako yumo kwenye majani ya Tijani."

"Basi shuka ukamtoe," nilisema, na machozi yalikuwa yananishuka mpaka shingoni.

Ng'ambo ya ukuta mundu wa Tijani ulinyamaza. Kilikuwa kimya cha kuhesabu mpaka tatu.

"Nani huyo anapiga kelele huko juu?" Tijani aliita. "Huku tulisikia ameolewa."

"Nimeachika," Laroussi alijibu.

Kicheko cha Tijani kilipita juu ya bustani mbili, na mwingine akakidaka kutoka mtende wa mbali, halafu mwingine. Mimi nilijifuta uso kwa ushungi, nikaenda kumfuata mbuzi. Sikuwa na haraka. Alikuwa hajavunja kitu wala hajakata kamba. Alfajiri ile nilikuwa nimemfungua mimi mwenyewe.